Kwa nini simu yako inaona kosa ambalo bingwa wa dunia halioni?

Siku hizi pambano la sataranji la kuwania ubingwa wa dunia unaweza kulifuata ukiwa umekaa Katuba au Kamalondo, mradi simu ina chaji na mega hazijaisha. Ubao uko kwenye skrini, na pembeni yake umesimama mstari, nusu mweupe, nusu mweusi, unaoonesha nani yuko mbele kwa hesabu ya programu. Bingwa anasogeza kete, mstari unaporomoka, alama mbili za kuuliza zinatokea, na kijana aliyejifunza mchezo huu juzi tu anamgeukia mwenzake: "Yaya, huyu bingwa hakuona hii? Mbona mimi nimeiona?"

Swali hilo linasikika karibu kila mahali hapa Lubumbashi ambapo watu wawili wanainamia simu moja wakati wa pambano kubwa. Ni swali zuri, na linastahili jibu la kina kuliko lile la "hata bingwa ni binadamu".

Tuchukue hatua moja tu, ya mchezo mmoja. Tarehe 15 Novemba 2014, Sochi, Urusi. Magnus Carlsen wa Norway anatetea taji lake dhidi ya Viswanathan Anand wa India, mtu yuleyule ambaye Carlsen alimpokonya taji hilo mwaka uliotangulia. Mwaka huo Carlsen alikuwa amefikia alama 2882 katika orodha ya dunia ya ubora wa wachezaji, kiwango ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifikia kabla yake. Pambano liko sawa, pointi 2,5 kwa 2,5 (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu), na huu ni mchezo wa sita. Carlsen anacheza kete nyeupe. Malkia walishaondoka ubaoni mapema, na weupe wanabana polepole.

Kila mraba una jina: herufi, a hadi h, ni safu ya wima, na namba, 1 hadi 8, ni mstari wa mlalo. Ngome za Carlsen ziko g4 na h5. Ngome za Anand ziko g8 na h8, na farasi wake yuko g6, akiigusa pioni nyeupe ya e5. Je, farasi anaweza kuila? Hatua chache nyuma, hapana. Farasi akila e5, ngome nyeupe ya g4 inakula ngome ya g8; ngome ya h8 ikilipiza, ngome ya h5 inamla farasi pale e5. Weusi wamepoteza farasi kwa pioni moja. Na farasi akikimbia badala ya ngome kulipiza, ngome nyeupe inaendelea kula hadi h8. Hesabu imefungwa: e5 ina ulinzi.

Katika hatua ya 26, Carlsen akamsogeza mfalme wake kutoka c1 hadi d2. Mraba mmoja tu. Kwa mraba huo mmoja hesabu yote ikageuka. Sasa farasi akila e5 na ngome nyeupe ikila g8, farasi anaruka hadi c4, anakula pioni ya pili, na kwa kuwa mfalme yuko d2, hiyo ni shaha, yaani mfalme anashambuliwa. Mfalme lazima ajibu kwanza. Akienda d3 ili amfukuze farasi, farasi anaruka b2, shaha tena. Mfalme akishahama, ngome ya h8 inaila ile ya g8 bila haraka yoyote. Weusi wamekula pioni mbili na farasi wao yu hai. Na kama ngome ya h5 ingemla farasi mara tu alipotua e5, ngome ya g8 ingeila ile ya g4, na weupe wangekuwa wametoa ngome wakapata farasi.

Carlsen aliiona mara tu alipokwisha kucheza, wakati hakuna tena la kufanya. Anand alifikiri kwa muda mfupi, akasukuma pioni yake ya pembeni hadi a4. Nafasi ikapita. Carlsen alishinda mchezo huo katika hatua ya 38, na siku chache baadaye akalihifadhi taji kwa pointi 6,5 dhidi ya 4,5.

Watu wawili waliokuwa juu kabisa ya mchezo huu duniani, mmoja akafungua mlango, mwingine akapita mbele yake. Simu ya kawaida iliuona mlango huo papo hapo.

Kuhusu simu sitakawia. Programu kama Stockfish hupitia idadi kubwa mno ya hali za ubao kila sekunde, na kila hatua mpya inapochezwa inahesabu tena kila kula na kila shaha, bila kuchoka na bila kujali kwamba jambo hilo lilishajibiwa hatua mbili zilizopita. Tayari mwaka 1997, mashine ya Deep Blue iliyomshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, mjini New York ilipitia hali milioni 200 kwa sekunde. Matokeo ya hesabu hiyo hutolewa kwa namba, ambapo pointi moja ni karibu sawa na kuwa mbele kwa pioni moja. Hapo hakuna fumbo. Fumbo liko kwa binadamu.

Kitu cha kwanza ni kwamba mstari ule wa pembeni haukupi jibu peke yake. Unakupa kitu chenye thamani kubwa zaidi: unakwambia kwamba jibu lipo. Ukishajua kuwa hapa kuna kitu, unaanza kutafuta katika sehemu ambazo kwa kawaida usingezigusa. Mchezaji aliyekaa mezani hana kengele hiyo. Kwake hatua ya 26 inafanana na ya 25 na ya 24. Baada ya mchezo Anand mwenyewe alieleza kwa maana hiyohiyo: mtu asiyetarajia zawadi anaweza kuipita. Anayetazama Mazembe kwenye televisheni anajua mshambuliaji alikuwa ameotea kwa sababu picha imerudishwa polepole na mstari umechorwa uwanjani. Mwamuzi wa pembeni alikuwa na sekunde moja na macho mawili. Kijana wetu wa Katuba hakuiona ile hatua. Alioneshwa, kisha akaielewa, na kuelewa ni kazi nyepesi kuliko kutafuta.

Kitu cha pili ndicho kinachonivutia zaidi, na kimefanyiwa utafiti wa kweli. Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot, aliyechapisha kazi yake mwaka 1946, aliwapa wachezaji wa viwango mbalimbali hali za ubao na kuwaomba wafikiri kwa sauti. Wengi wetu tungedhani mabingwa wanahesabu hatua nyingi zaidi mbele kuliko wachezaji wa kawaida. De Groot hakuikuta tofauti kubwa ya namna hiyo. Tofauti ilikuwa mahali pengine: mabingwa walianza mara moja na hatua zilizo nzuri, wakati wengine walipoteza muda kwenye hatua mbovu.

Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon nchini Marekani waliendeleza swali hilo. Waliwaonesha watu ubao kwa sekunde tano, wakauficha, wakawaomba wapange upya kete zote kwa kumbukumbu. Ubao ukiwa umetoka kwenye mchezo halisi, bingwa alirudisha kete nyingi kuliko wanaoanza. Kete zikiwa zimetawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Bingwa hakumbuki kete moja moja. Anakumbuka mafungu: mfalme aliyejificha nyuma ya pioni tatu, ngome mbili kwenye mstari mmoja, farasi katikati. Kila fungu linakuja na hukumu yake: hapa pana hatari, pale pako salama.

Ndiyo maana anaweza kucheza vizuri kwa sekunde chache. Na ndiyo maana pia anaweza kupofuka. "e5 ina ulinzi" ni hukumu iliyokwishatolewa na kuhifadhiwa. Mfalme anaposogea mraba mmoja, hukumu hiyo haijifuti yenyewe. Lazima mtu aikumbuke, aitoe, aiulize upya. Mwaka 2008 watafiti Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet walilionesha jambo hili kwa kamera inayofuata macho. Waliwapa wachezaji hodari tatizo lenye majibu mawili: moja maarufu, refu kidogo, na jingine fupi lakini lisilozoeleka. Wachezaji walipata lile maarufu, kisha wakaombwa watafute fupi zaidi. Walisema wanatafuta, na waliamini hivyo. Kamera ilionesha macho yao yakirudi tena na tena kwenye miraba ya wazo la kwanza. Jibu maarufu lilipoondolewa ubaoni kwa kubadilisha kidogo hali ya kete, wachezaji wa kiwango hichohicho waliliona lile fupi.

Natamani kila anayemcheka bingwa kwenye simu ausome utafiti huo. Akili haikulala. Ilikuwa inafanya kazi kwa bidii, mahali pasipofaa.

Mfano wa Vladimir Kramnik unaonesha upande mwingine wa jambo hilo. Bonn, Ujerumani, Novemba 2006: bingwa wa dunia anacheza na programu ya Deep Fritz. Katika mchezo wa pili, akiwa na hali isiyo na shida, Kramnik anampeleka malkia wake e3 katika hatua ya 34. Programu inajibu malkia h7, mati: mfalme ameshambuliwa na hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Hatua moja tu! Mtoto wa shule aliyefundishwa wiki mbili anaweza kuipata. Lakini tazama ni nani aliyekuwa anamlinda malkia pale h7: farasi aliyesimama f8. Mati ya h7 tunayoizoea ina askofu anayetazama kutoka mbali kwenye mstari wa mshazari, au farasi aliye g5. Farasi aliyeingia hadi mstari wa mwisho na kulinda h7 kutoka f8 ni sura adimu mno, na ghala la mafungu alilolijaza Kramnik kwa miaka mingi halikuwa na kengele ya sura hiyo.

Uchovu upo pia, bila shaka. Singapore, tarehe 12 Desemba 2024, Ding Liren wa China na Gukesh wa India walifika mchezo wa 14, wa mwisho, kila mmoja akiwa na pointi 6,5, baada ya zaidi ya wiki mbili za kukaa meza moja. Hali ilielekea sare. Hatua ya 55, Ding akaiweka ngome yake f2 ili ngome zibadilishwe. Kupunguza kete ili kufika sare ni wazo la kawaida kabisa, tena mara nyingi ni sahihi. Safari hii askofu wake alikuwa kwenye kona, a8. Ngome zilipoondoka, Gukesh akamweka askofu wake d5, uso kwa uso na yule wa kona, ambaye hakuwa na njia ya kutoka. Maaskofu wakabadilishwa, wakabaki wafalme na pioni, Gukesh akiwa mbele kwa pioni moja. Ding akakubali kushindwa katika hatua ya 58, na kijana wa miaka 18 akawa bingwa wa dunia. Gukesh alieleza baadaye kwamba hata yeye hakuliona kosa hilo mara moja. Alikuwa karibu kusogeza ngome yake mahali pengine. Mstari kwenye simu zetu ulikuwa umeshaporomoka.

Kwa hiyo uchambuzi mzuri wa mchezo hauwezi kuishia kwenye alama za kuuliza. Alama moja ni kosa, mbili ni kosa kubwa, alama mbili za mshangao ni hatua ya ajabu. Hayo programu inajua kuyabandika. Mchambuzi anayestahili jina hilo anaeleza kwa nini hatua mbovu ilionekana nzuri. Asipoeleza hivyo, msomaji anafunga ukurasa akijua kwamba Carlsen alikosea bila kujua yeye mwenyewe anakosea wapi.

Hapo ndipo ningependa vijana wetu wabadilishe namna ya kutazama. Ndola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasumbalesa, ndiko alikozaliwa Amon Simutowe, aliyepewa mwaka 2009 cheo cha grandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Umbali huo tunaukata kwa basi. Anayetaka kwenda njia hiyo aufunike mstari wa pembeni kwa kidole au kipande cha karatasi, aandike hatua ambayo yeye angecheza, na aufunue baadaye.

Ukitaka kujaribu jambo hili kwa watu, panga ubao wa Sochi. Weupe: mfalme d2, ngome g4 na h5, maaskofu c2 na e3, pioni a2, c3, c4, e5, f2 na g2. Weusi: mfalme b7, ngome g8 na h8, askofu c6, farasi g6, pioni a5, b6, c5, e6, f7 na h6. Ni zamu ya weusi. Mchukue rafiki mmoja, mwambie, "Weusi wana hatua nzuri hapa, itafute." Mwite mwingine wa kiwango kilekile, mwambie tu, "Cheza." Andika muda wa kila mmoja, na usiruhusu wa pili akae karibu na wa kwanza.