Kufikia kanzidata kupitia wavuti kwa usalama: maana yake

Karani wa chama kimoja cha wakulima wilayani Kilolo alikuwa akiandika "Bomalangombe", bila ritifaa, ile alama ya ('). Kuliandika jina hilo anajua vizuri sana, ni kata ya jirani. "Kaka, mashine hailitaki," aliniambia. Akiandika Bomalang'ombe, mfumo unagoma na mwanachama haingii. Kwa Ng'ang'ange ilikuwa vilevile.

Tuanze na maana. Kanzidata ni daftari la chama lililo ndani ya seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine: majina, namba za simu, deni la mbolea la kila mtu. Kuifikia kupitia wavuti ni kumwezesha mwanachama aliye Ilula afungue kivinjari kwenye simu yake aone deni lake, bila kupanda gari hadi ofisini. Neno "kwa usalama" ndilo lenye uzito: aone lake tu, mtu baki asione kitu, na taarifa zisichunguliwe wala kubadilishwa njiani.

Msingi wake ni kwamba kivinjari hakiongei na kanzidata moja kwa moja. Katikati inakaa programu inayopokea ombi, inamtambua mwombaji, kisha yenyewe ndiyo inaiuliza kanzidata. Kanzidata husikiliza kwenye poti yake, yaani mlango wenye namba: programu ya kanzidata iitwayo MySQL kwa kawaida 3306, na nyingine, PostgreSQL, 5432. Poti hizo hazifunguliwi kwa dunia nzima. Ya kufungua ni 443, ya HTTPS, yaani wavuti unaofunika mazungumzo yake, na kanzidata ikiwa kwenye seva hiyohiyo isikilize anwani 127.0.0.1 peke yake, yaani isikie ya humohumo ndani.

Kwenye mfumo wa Kilolo niliikuta 3306 iko wazi kabisa, eti mhasibu aweze kufanya kazi akiwa Iringa mjini. Nilipofungua kumbukumbu za seva, majaribio ya kuingia kwa jina la root, akaunti yenye mamlaka yote, yalikuwa yamepangana ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyekuwa akiitafuta Kilolo. Ni programu zinazozunguka usiku na mchana zikigonga kila anwani ya intaneti. Mhasibu tulimpa VPN, njia yake ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wa seva, poti tukaifunga.

Sasa turudi kwenye ritifaa, maana humo ndimo hatari kubwa ilimojificha. Programu ile ilikuwa inaunganisha amri na maneno ya karani katika sentensi moja: VALUES ('Bomalang'ombe'). Kwa kanzidata, alama ile hufungua neno na hulifunga. Ikifika Bomalang inaona neno limekwisha, kisha inakutana na "ombe" inalisoma kama amri, inachanganyikiwa, inagoma. Karani aliona usumbufu tu. Mimi nilisisimka mwili, kwa sababu maana yake chochote anachoandika mtu kwenye kisanduku kinaweza kugeuka amri. Kwenye kisanduku cha kutafuta kata, andika ' OR '1'='1 uone: moja siku zote ni sawa na moja, kwa hiyo kanzidata inatoa wanachama wote, na simu zao, na madeni yao.

Wengi huponya kwa kufuta ritifaa. Hiyo si dawa, na ni kuharibu majina ya watu na ya makwao. Dawa ni kutuma amri peke yake ikiwa na nafasi wazi, WHERE kata = ?, kisha kutuma jina kando. Kanzidata inakuwa imeshaielewa amri kabla haijaliona jina, kwa hiyo jina linabaki jina hata likiwa na ritifaa kumi.

HTTPS hailitibu hilo. Yenyewe inafunika mazungumzo njiani tu. Bado ni ya lazima, na cheti chake, kinachothibitisha kuwa tovuti ni yenyewe, shirika la Let's Encrypt hutoa bure. Nywila zisihifadhiwe kama zilivyo, zipitishwe kwenye bcrypt au Argon2, kanuni zinazoigeuza nywila isirudishike kuwa ile ya awali. Akaunti ya programu isiwe root: ipewe kusoma na kuandika kwenye majedwali yake, isiwe na uwezo wa kuyafuta majedwali yenyewe.

Kuna kosa jingine ninalokutana nalo mara kwa mara. Mwanachama ameingia vizuri, anwani ya ukurasa juu ya kivinjari inaishia na namba yake, 417. Akibadili ikawa 418, anaona deni la jirani yake. Programu ilimuuliza yeye ni nani, haikuuliza kama hilo ni lake. Swali hilo la pili liulizwe kwenye kila ombi, na liulizwe kwenye seva, si kwenye simu. Kwa Tanzania hili ni suala la kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na chama kinachokusanya majina na simu za watu kinahusika.

Tulipomaliza, jaribio la kwanza nilimwachia karani. Aliandika Bomalang'ombe, akabonyeza, jina likaingia na ritifaa yake. Akavuta daftari la karatasi, akaanza kuwarekebisha wanachama wa kata ile mmoja mmoja.