Wazee wa Marekani na nyumba wasizozihama

Katika kazi yangu ya kushauri familia nchini Marekani kuhusu makazi ya wazee, huulizwa mara kwa mara kizazi cha baby boomers, waliozaliwa kati ya 1946 na 1964, kinahamia wapi kinapozeeka. Ukweli ni kwamba wengi wao hawahami.

Picha ya mstaafu anayefuata jua ilipata nguvu tarehe 1 Januari 1960, mjenzi Del Webb alipofungua Sun City, Arizona, mji wa wastaafu wenye uwanja wa gofu. Florida nayo ina The Villages, makazi makubwa ya wastaafu, tena haitozi watu kodi ya mapato ya jimbo, ingawa bima ya nyumba huko, kwa sababu ya vimbunga, inaweza kuumeza unafuu huo.

Wanaobaki husemekana wanazipenda nyumba zao, nami sikatai, lakini kodi ina sehemu yake na haitajwi vya kutosha. Tangu 1997, anayeuza nyumba anayoishi husamehewa kodi kwenye faida isiyozidi dola 250,000, au dola 500,000 kwa wanandoa, na viwango hivyo havijapandishwa kufuata mfumuko wa bei. Mzee asiye na mwenzi, aliyenunua nyumba karibu na Boston miaka ya 1970, anaweza kuvuka kiwango hicho kwa mbali. Ilhali akifia humo, warithi wake huhesabiwa thamani ya nyumba ya siku ya kifo, na ongezeko la miaka yote iliyotangulia halitozwi kodi ya faida. Kwa mtu wa namna hiyo, kutohama ni uamuzi wa kihesabu.

Tatizo ni kwamba nyingi ya nyumba hizo ziko katika vitongoji vilivyojengwa kwa ajili ya watu wenye magari, na vyumba vya kulala viko ghorofani. Medicare, bima ya afya ya wazee, hailipii msaada wa muda mrefu wa kuoga na kuvaa. Medicaid, mpango mwingine wa serikali wa afya, huulipia, lakini kwa mtu mwenye kipato na mali kidogo sana. Boston kuna Beacon Hill Village, chama ambacho wanachama hulipa ada ili wapate usafiri na mafundi wa kuaminika, mpango ninaouona mzuri, ila ni rahisi zaidi kuuendesha mahali ambapo nyumba zimekaribiana. Ndiyo maana, kabla ya kujadili jimbo lolote, huiuliza familia kama ghorofa ya chini ina bafu, na nani atamwendesha mzee siku atakapoacha kuendesha gari.