Sista, mguu hautakatwa?

Kila nikifundisha huduma ya kwanza kwa vijana wa bodaboda na kufika kwenye mkanda wa kubana damu, ule unaokazwa kwenye mkono au mguu unaovuja damu, swali hili halikosi. Nami chuoni nilifundishwa kuuogopa mkanda huo.

Hofu hiyo ilijibiwa Baghdad mwaka 2006. Daktari wa upasuaji wa Jeshi la Marekani, John Kragh, na wenzake waliwafuatilia majeruhi 232 waliofungwa mikanda hiyo. Waliofungwa kabla mwili haujaanza kuzidiwa kwa kupungukiwa damu, 90 kati ya kila 100 walipona. Waliofungwa baada ya hapo, 10 tu. Na hakuna mkono wala mguu uliopotea kwa sababu ya mkanda wenyewe. Takwimu ni za daktari, lakini sifa nawapa matabibu wa vikosi, waliopiga magoti vumbini wakakaza bila kungoja hospitali.

Kwa hiyo kaza. Funga juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, vidole vitatu hivi kutoka lilipo, usifunge kwenye goti wala kiwiko. Zungusha kijiti kilichofungwa kwenye mkanda mpaka damu ikome kabisa. Majeruhi atapiga kelele, atakusihi ulegeze. Usilegeze. Andika saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso wake, kisha mwahishe hospitali.

Jeraha la akili nalo halipendi kucheleweshwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari waliotetemeka au kupoteza sauti walipelekwa mbali, na wengi wakazidi kudhoofika. Mwaka 1917 daktari wa akili Thomas Salmon alikwenda Uingereza kujifunza, kisha Wamarekani wakaweka huduma karibu na mstari wa mbele: usingizi, chakula cha moto, mtu wa kukuambia utapata nafuu. Waingereza waliandika kwenye kadi kwamba ugonjwa bado haujatambuliwa, ili askari asijione ameshapewa jina la ugonjwa. Nia ilikuwa kumrudisha vitani, na hilo linaniumiza. Lakini njia yenyewe naitumia.

Mwaka jana kijana mmoja alimbeba mwenzake aliyegongwa na lori, na huyo mwenzake akafia mikononi mwake. Kijana huyo sikumhoji. Nilimnawisha damu mikono, nikampa chai yenye sukari, nikawaita wenzake wa kijiweni waje wakae naye. Alianza kusimulia mwenyewe siku ya tatu.