Je, wajua kwa nini mtu apande kunde kisha azifukie?

Ukipita Mwakirunge, kule Kisauni ambako mashamba bado yapo, waweza kumkuta mtu akifyeka kunde zilizoanza tu kutoa maua. Anazilaza pale pale, kisha anazichanganya na udongo kwa jembe. Mpita njia hakosi kuuliza: "Mama, mboga zote hizo mwazifukia?" Ana haki. Sisi tunaofungua kinywa kwa mahamri na mbaazi, kuzika jamii ya kunde twaona ni kumwaga chakula.

Anayelishwa hapo ni udongo. Pwani yetu sehemu nyingi ni kichanga: mvua ya masika hupenya upesi na kuondoka na rutuba. Mahindi nayo ni walaji. Yarudie pale pale miaka kadhaa, uone majani yanavyogeuka manjano kwa njaa ya naitrojeni. Cha ajabu, asilimia 78 ya hewa ni hiyo hiyo naitrojeni, ila mahindi hayawezi kuichukua huko.

Kunde huipata, tena kwa jasho la wengine. Ng'oa mche taratibu utazame mizizi: ina vinundu kama punje za mtama. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu wa waridi ndani, kazi inaendelea. Rangi hiyo yatokana na kitu cha ukoo mmoja na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa kijani au kijivu, kimeshachoka. Humo mna bakteria wanaogeuza hewa kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa sukari.

Basi kwa nini usingoje uvune? Kunde zikikomaa, naitrojeni nyingi huhamia kwenye mbegu. Ukizichuma, umeipeleka mbolea yako soko la Kongowea. Tena mashina makavu huchelewa kuoza, na vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni ya udongoni kwanza. Ndiyo maana hufukiwa yangali mabichi, na mahindi hungoja wiki 2 au 3.

Wengine hufukia mimea mingine ya jamii ya kunde: marejea, ama mukuna, ambayo ni ndugu yake upupu (usiogope, mukuna ya shambani haiwashi).

Mwenye kipande kidogo simshauri afukie kila kitu. Panda mbaazi kati ya mahindi, uzile, na majani yanayopukutika usiyachome. Faida yake kwa udongo ni ndogo kuliko kufukia, lakini utakuwa umekula. Msimu ukiisha, mti wa mbaazi ukate kwa panga, mizizi uiache chini.