Fistula si uchawi wala malipo ya zinaa

Ule ujumbe wa sauti unazunguka tena kwenye magrupu, Unguja hadi Pemba: eti mzazi anayevuja mkojo karogwa, au alitoka nje ya ndoa. Sivyo. Uchungu ukikaa mno mtoto asitoke, kichwa chake hukandamiza nyama kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, tundu hubaki kati ya kibofu na uke: hiyo ndiyo fistula. Mkojo mara nyingi huanza kuvuja siku kadhaa baadaye, mama yumo kwenye arubaini, ndipo watu wanapotafuta mchawi. Daktari hutia maji ya rangi kibofuni, akaona yanapotokea. Matundu mengi huzibwa kwa upasuaji. Lakini aliyekwishasemwa hujificha: haendi maulidini, hubadili kanga kutwa, wengine huachwa. Ukiletewa ujumbe huo, usiutume kwa mwengine.