Kifungu cha tabaka kikianguka, msiseme kesi ilibambikwa

Kila mahakama ya India inapomwachia mtu aliyeshtakiwa kumshambulia Mdalit, yaani mtu wa tabaka la chini kabisa, lile lililokuwa likiitwa la "wasioguswa", kwa sababu ya tabaka lake, lazima atokee mmoja aandike: "Mnaona? Kesi za kubambika hizo." Nafundisha sheria ya ushahidi, na sentensi hii imenichosha.

Kipigo hushtakiwa kwa sheria ya jinai ya kawaida. Sheria ya Kuzuia Ukatili ya 1989 huja juu yake na masharti yake: aliyeumizwa awe wa tabaka au kabila lililoorodheshwa (yaani lililo kwenye orodha rasmi ya jamii zinazolindwa, Wadalit wakiwemo), mshtakiwa asiwe wa huko, halafu kuna sharti la tatu, linaloua kesi. Kifungu cha 3(2)(v), kile cha kifungo cha maisha, kilitaka kosa liwe limetendwa *kwa sababu* mwathirika ni wa tabaka hilo. Haya, thibitisheni sababu iliyomo kichwani mwa mtu bila kuacha shaka. Ni nani anayembaka mtu huku akitoa maelezo?

Chukueni rufaa ya Patan Jamal Vali, Mahakama ya Juu, 2021. Mwanamke asiyeona, wa tabaka lililoorodheshwa, alibakwa nyumbani kwao Andhra Pradesh na mtu aliyefahamiana na kaka zake. Majaji walieleza vizuri kabisa kwamba tabaka si lazima liwe sababu pekee. Ulemavu, jinsia na tabaka huweza kumwangukia mtu mmoja kwa pamoja. Kisha wakafuta hatia ya kifungu cha tabaka, maana ushahidi wa sababu haukuwepo. Hatia ya ubakaji ikabaki, na kifungo cha maisha kikabaki. Nani alibambikiwa hapo? Kabla yake kuna Khairlanji, Maharashtra, ambako watu wanne wa familia moja ya Kidalit waliuawa mwaka 2006. Mahakama iliwahukumu sita kunyongwa, na bado ikasema sheria ya tabaka haikuthibitika.

Bunge liliona tatizo. Tangu 26 Januari 2016 inatosha mshtakiwa *kujua* tabaka la mwathirika, na kama alimfahamu yeye au familia yake, mahakama huchukulia kwamba alijua mpaka athibitishe vinginevyo. Hapa nina wasiwasi wangu. Kijijini kila mtu anajua tabaka la kila mtu, kwa hiyo sharti hili karibu halichuji kitu. Sababu ilikuwa kali mno, kujua ni laini mno, na sijaona maneno ya katikati yanayoniridhisha.

Matusi ni habari nyingine: lazima yatolewe mahali ambapo umma unaona. Ukitukanwa ndani ya kuta nne bila shahidi, kifungu hakikusaidii.

Na tafadhali msiniletee hukumu ya Machi 2018 iliyozuia watu kukamatwa upesi kwa sheria hii ya 1989. Mwaka huohuo Bunge liliipindua, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu yenyewe ikayafuta maagizo yake.

Oktoba 2024, Karnataka, katika kesi ya Marakumbi, watu 98 walifungwa maisha kwa shambulio la 2014 dhidi ya Wadalit. Wengine watatu walipata miaka mitano. Kabla hamjasema hao watatu walifanya kidogo, someni tena sharti la pili: wao wenyewe walikuwa wa jamii zilizoorodheshwa, kwa hiyo sheria ya 1989 haikuwagusa.