Si joto, ni mwanga: funika hilo dumu

Wiki hii nimeulizwa tena: "Kaka, dumu langu la kioo la kuchachushia bia nyumbani liko dirishani, lakini chumba kina baridi, kwa hiyo bia iko salama, sivyo?" Sivyo! Naandika mara moja hapa ili nisirudie.

Joto lina ubaya wake, na tumeshauongea: hamira ikipashwa kupita kiasi hutoa ladha za ovyo. Lakini ile harufu ya kicheche, ile inayokupiga puani kabla hujanywa, inaletwa na mwanga. Mjerumani Carl Lintner aliiandika tangu 1875.

Ukichemsha hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, asidi zake hubadilika na kuwa uchungu tunaoupenda. Ndani ya bia mna pia vitamini B2. Hiyo hunyonya mwanga, hasa wa bluu, kisha huipa nguvu ile asidi chungu mpaka inavunjika. Kipande kinachokatika hukutana na salfa, na kicheche amezaliwa. Nanogramu chache tu kwa lita zinatosha pua yako kumtambua. Hapo joto limeingia wapi?

Kama huniamini, fanya nilivyofanya hapa Leeds, Uingereza, mwezi wa pili, nje nyuzi 4. Chukua bia yenye hopsi za kutosha, iliyotoka kwenye chupa ya kahawia. Mimina glasi mbili. Moja ifungie kabatini, nyingine iweke nje kwenye ukingo wa dirisha, juani. Baada ya nusu saa nusa zote mbili. Yangu ya nje ilikuwa baridi kuliko ya kabatini, na ndiyo iliyonuka. Mgeni wangu aliirudisha mezani bila kuonja.

Kwa hiyo friji yenye mlango wa kioo na taa nyeupe ndani haikuokoi. Taa za LED nyeupe zimejaa mwanga wa bluu. Chupa ya kijani inazuia kidogo mno, isiyo na rangi haizuii kitu. Kahawia inazuia sehemu kubwa, ingawa si yote.

Kisha huja wale wa upande wa pili: "Mbona bibi alipika mbege uani, jua linawaka, na haikunuka?" Mimi ni mtoto wa Moshi, swali hili linanigusa. Mbege ni ndizi mbivu na ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Haina hopsi, basi haina cha kuvunjika kwa namna hii. Bibi hakukosea. Anayekosea ni anayechukua desturi ya mbege na kuipachika kwenye bia ya hopsi.

Kinachonitia shaka ni ndoo nyeupe ya plastiki ya kuchachushia. Mwanga unapenya, hilo unaliona kwa macho. Lakini bia changa imejaa hamira na ni nzito kama maji ya tope, na nadhani mwanga unaishia pembeni tu. Ndoo zangu mbili zilikaa chini ya taa ya jikoni siku kumi. Moja ilitoka safi, nyingine ilikuwa na kaharufu ambako mke wangu alikakana na mimi nikashikilia kuwa kapo. Tangu hapo nafunika zote.

Khanga moja haitoshi. Inyanyue mbele ya dirisha: ukiona mwanga, bia nayo inauona. Ikunje mara nne, au tumia blanketi, au vuta fulana nyeusi nzito juu ya dumu na shingo itokee kwenye kola, ili kizibo cha hewa, kile kinachotoa gesi, kiendelee kupumua. Ukitaka kuchungulia povu, chungulia usiku kwa taa hafifu, kisha funika. Na ile iliyokwisha kunuka usiifungie kabatini ukingoja ipone. Harufu haitoki.